Daraja K Namba 19 na Mstari wa Kumi na Moja

Benchi liko nje ya banda la injini za treni la Abercelyn, banda lililofungwa miaka minane iliyopita, na kila Jumanne asubuhi wastaafu watatu hulikalia na chupa moja ya chai. Emlyn Prosser, aliyekuwa dereva, huitwa Emlyn Saa kwa kuwa hakuwahi kuchelewesha treni. Hopkin Tudor, aliyekuwa mtia makaa wake, huitwa Hopkin Koleo. Wa tatu ni Idwal Pask, Idwal Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Jumanne hii Emlyn alikuwa na karatasi mfukoni. Halmashauri ilikuwa imeinunua injini ya mwisho ya aina iliyoitwa Daraja K, namba 19, iwekwe mbele ya stesheni ya zamani, ikamwomba aandike historia ya kuchongwa kwenye bamba la shaba. Aliandika mistari kumi na mmoja. Kumi ilikuwa ya kweli.

– Soma basi, Saa, alisema Idwal. Umeikumbatia kama hati ya nyumba.

Emlyn akavaa miwani.

– “Daraja K. Injini thelathini na mbili, zilizoundwa kati ya 1904 na 1911 kwa michoro ya Septimus Harker. Magurudumu sita makubwa ya kuvuta, mawili madogo chini ya sanduku la makaa. Maji yalibebwa kwenye matangi ya ubavuni.”

– Andika zilikuwa na nguvu za nyumbu, alisema Hopkin.

– Nyumbu hapimiki, Hopkin. “Mwaka 1923 reli yetu ilimezwa na kampuni kubwa, nazo zikapewa boila mpya za kuchemshia maji.”

– Boila zenyewe zikivuja kama chujio!

– Zilivuja tatu tu. Namba 6, 11 na 30.

– Haya, mwalimu, endelea.

– “Zilishusha makaa ya mawe bondeni na kupandisha abiria hadi 1957. Dohani, iliyo mbele ya injini, ilielekea upande wa juu wa bonde daima, injini ikipanda au ikishuka.”

Hapo Idwal akaweka kikombe chini.

– Na sababu huiweki? Harker alikuwa na mama mkwe kule chini bandarini. Hakutaka hata injini zake zimtazame.

– Sababu ni maji, Idwal. Upande wa dohani ukiwa juu, maji ya boila hurudi nyuma na kufunika paa la tanuri lisiungue.

– Hayo mliambiwa ninyi madereva. Mimi nilikaa kwenye kibanda cha ishara za reli miaka thelathini, nikiziona. Chuma cha Daraja K kilikuwa na sumaku. Ukiigeuza injini itazame baharini, inanuna.

– Inanuna!

– Ndiyo! Wiki ile ya 1938, si namba 19 ilirudi kutoka karakana imegeuzwa? Nasi hatukuwa na mahali pa kugeuzia injini. Ikapanda kinyume, matako mbele. Haikununa?

Hopkin alikuwa akipaka siagi mkate wa zabibu kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, wenye ngozi iliyoungua na kukunjamana tangu wiki hiyo, aliuacha magotini. Emlyn akaikunja karatasi.

– Bado mstari mmoja, alisema Idwal.

– Nimechoka kusoma.

Bi Nesta Vaughan wa halmashauri akatokea upande wa stesheni, viatu vimejaa tope.

– Habari za asubuhi, wazee wangu. Bwana Prosser, mchongaji anaisubiri karatasi yako.

Emlyn hakuwa na la kufanya ila kumpa. Bi Nesta akasoma akiwa amesimama, na mstari wa mwisho akausoma kwa sauti:

– “Mwaka 1938 paa la tanuri la namba 19 liliungua, kwa kuwa mtia makaa hakuangalia maji.”

Hayo ndiyo aliyoyasema Emlyn mbele ya wachunguzi wa ajali mwaka huo, neno kwa neno. Baada ya uchunguzi huo Hopkin alifagia majivu bandani hadi alipostaafu. Hakuwahi kupewa udereva.

– Injini ilipanda kinyume, mama, alisema Idwal. Maji yalikimbilia upande wa dohani, paa la tanuri likabaki kavu.

– Basi sielewi, alisema Bi Nesta. Kama kila mtu alijua lazima dohani iwe juu, nani aliyekubali ipande vile?

Idwal akaokota kikombe chake. Hopkin akaendelea kutafuna, macho yake kwenye reli zilizoota nyasi.

Emlyn akaona kwamba mchongaji angepiga patasi yake leo, na shaba haifutiki.

– Nirudishie hiyo karatasi, Bi Nesta.

Akatoa kalamu ya wino, akaukata mstari wa kumi na moja akitumia kidole kama rula, akaandika chini yake polepole huku akitamka:

– “Dereva, E. Prosser, alikubali kupanda kinyume. Mtia makaa, H. Tudor, alimwambia kioo cha kupimia maji ni kitupu, akataka kutia maji. Dereva alikataa, akihofia maji baridi yangeshusha mvuke naye angechelewa. Alisema kilele kiko robo maili mbele.”

– Nusu, alisema Hopkin.

– Nini?

– Ulisema nusu maili. Andika sawasawa.

Emlyn akakata “robo”, akaandika “nusu”.