Miaka Thelathini na Minne ya Kutafuta Jezi Chafu

Ijumaa hii, tarehe 24 Aprili, saa sita mchana, Norbert Stachowiak atarudisha ufunguo wa gari la klabu na kumaliza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa ya kuwasakia vipaji Toledo Glaziers. Siku tisa hizo kazihesabu mwenyewe. Mimi ningesema thelathini na minne, tukaenda kula.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu chumba changu kimepakana na chake kwa miaka kumi na miwili, na kwa sababu wengine wote walisingizia shughuli. Leo ni Jumanne. Keshokutwa jioni ni uteuzi, klabu zote za ligi zitachagua kwa zamu vijana wanaomaliza vyuo, na zamu yetu ni ya nne. Simu hazinyamazi. Nimeshainuka kitini mara sita tangu nianze kuandika. Ninyi mnaosoma karatasi hii Ijumaa, kwenye chakula cha kumuaga, mnajua tulimchagua nani. Mimi sijui, na kutojua huko kunaniwasha kama upupu.

Norb alizaliwa Toledo hapa hapa, mtaa wa Lagrange, kwa baba aliyefanya kazi kiwanda cha vioo na mama aliyeamini kwamba mpira wa Kimarekani ni njia ya watu wazima kukwepa kufagia theluji. Alicheza nafasi ya mrushaji katika chuo kidogo ambacho siku hizi hakina hata timu. Goti lilipomkataa akafundisha shule za sekondari, na akiwa na miaka thelathini na miwili klabu ikamwajiri kumwendesha msaka vipaji mkuu wa wakati ule, ambaye alikuwa haoni vizuri lakini hataki ijulikane. Baada ya msimu mmoja ripoti zikawa zinaandikwa na dereva. Baada ya miwili dereva akapewa majimbo tisa ya kwake.

Tangu hapo amechakaza magari kumi na moja. Walinzi wanne waliocheza hapa zaidi ya miaka kumi ni yeye aliyewaona kwanza, mmoja wao akiwa amevaa viatu vya kaka yake. Mkewe, Marcy, anasema katika miaka hii yote Norb amekuwa nyumbani kumi, na hiyo kumi alikuwa anatazama video.

Video yenyewe haitazami kama sisi. Sisi tukitumwa kumchunguza mrushaji, yule ambaye mpira huanzia mikononi mwake huku majitu ya ratili mia tatu yakimkimbilia kumlaza chini, tunaanza na mechi aliyong'ara. Norb anaomba mechi aliyoaibika. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea kijana mmoja aliyerusha mipira mitano iliyozaa mabao siku moja, nikasimama pale nikisubiri sifa.

"Dada Crewe," akaniambia, "hii ni harusi. Kila mtu anapendeza harusini. Niletee msiba."

Na hakomei kwenye video. Akifika chuoni, wakati wenzake wanapanga foleni kumsalimia kocha, yeye anashuka chini ya jukwaa kwenye chumba cha kufulia. Anakaa juu ya kikapu cha taulo na kuongea na mtu anayefua jezi. Kocha, anasema, ana kijana wa kuuza. Mfuaji hana cha kuuza, ana madoa tu. Tulimcheka sana kwa hili. Kuna mwaka tulimnunulia sabuni ya unga kwenye siku yake ya kuzaliwa, akaipeleka kweli kwa mfuaji mmoja huko Kentucky.

Tabia hii hakuzaliwa nayo. Aliilipia, na aliyeilipia zaidi ni mwingine.

Kwetu kuna desturi ya kupiga meza. Msaka vipaji anayejua moyoni kwamba huyu ndiye, anapiga meza kwa kiganja mbele ya wakubwa wote, na kuanzia hapo jina lake na la kijana yule yanaenda pamoja, liwalo na liwe. Miaka kumi na saba iliyopita Norb alipiga meza kwa ajili ya mrushaji mmoja wa Duluth, Kip Brandvold. Walioshuhudia wanasema kahawa ilimwagika. Klabu ikamchukua Kip, na Septemba hiyo hiyo ikamwingiza uwanjani.

Norb alikuwa amemtazama Kip katika mechi kumi na nne. Alikuwa amehesabu kila mpira aliorusha. Hakuhesabu kitu kimoja: katika mechi zote hizo Kip alikuwa anasimama nyuma ya walinzi watano, wale wanaomkinga mrushaji asifikiwe, ambao baadaye wote walicheza ligi kuu. Hakuna aliyemfikia. Kijana alikuwa anarudi nyumbani na jezi nyeupe pee. Kosa hili sisi wa kazi hii ndio tunaolifanya, maana mtu wa kawaida jukwaani angeuliza tu, mbona huyu haanguki? Hapa kwetu ukuta wa walinzi ulikuwa pazia. Kip aliangushwa mara hamsini na tano mwaka wa kwanza. Bega la kulia lilichanika, likashonwa, likachanika tena. Misimu mitatu, basi.

Leo anafundisha useremala katika shule moja ya Duluth, na ubaoni anaandika kwa mkono wa kushoto. Najua kwa sababu kila Aprili, wiki ya uteuzi, Norb humpigia simu, na mwaka juzi nilikuwa naye garini.

"Kip, Norb hapa."

"Mzee! Bado hawajakufukuza?"

"Bado. Bega linasemaje?"

"Linajua mvua kabla ya redio."

Norb akakaza macho barabarani. "Nisamehe, bwana."

"Unaniomba msamaha kila mwaka, mzee. Nikikusamehe si utaacha kupiga simu?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nilitazama nje upande wa mashamba ya mahindi kwa maili nyingi, maana nilikuwa na machozi na sikutaka anione.

Sasa nifike kwenye jambo linaloninyima utulivu. Mwaka huu klabu yetu inamtaka Brodie Vantassel, mrushaji wa chuo kimoja kikubwa cha Kusini. Futi sita na inchi tano, mkono kama manati, tabasamu la matangazo ya dawa ya meno. Sote tulimwendea, sote tukarudi tunaimba. Alama zetu zinaishia nane. Mimi nilimpa saba nukta tatu, alama ambayo sijawahi kumpa mtu. Norb alimwendea mara tano. Mara ya tano alishuka chumba cha kufulia akamkuta Bi Eunice Tolliver, mama wa miaka sabini ambaye amefua jezi za chuo kile katika enzi za marais saba.

"Namba kumi na mbili, ya Vantassel, inakusumbua, mama?" akamuuliza.

"Kumi na mbili?" Bi Eunice akacheka. "Hiyo siifui, mwanangu. Hiyo naipasi tu."

Kikao cha alama kilikuwa tarehe mbili ya mwezi huu. Meneja mkuu wetu, Dale Hollenbeck, alizunguka meza mtu mmoja mmoja. Saba. Saba nukta mbili. Saba nukta tatu, sauti yangu ikiwa imara kabisa. Akafika kwa Norb, na kadi ya Norb ilikuwa nyeupe.

"Alama yako iko wapi, Norb?"

"Sina."

"Huna? Umekwenda mara tano, umelala hoteli zetu, umekula nyama choma ya Kusini kwa risiti zetu, unarudi huna alama?"

"Nimerudi na neno. Sijui."

"Miaka thelathini na minne tunakulipa ujue!"

"Ndiyo. Na leo najua kwamba sijui, na hawa wenzangu nao hawajui, ila wao ni wastaarabu zaidi."

Watu wakacheka, lakini Hollenbeck hakucheka. Norb akaendelea bila kupandisha sauti. Kijana hajawahi kupigwa, akasema. Huenda akawa bora kuliko wote aliowaona, huenda akawa Kip mwingine, na hakuna mtu chumbani anayeweza kuapa. Mrushaji wetu msimu uliopita aliangushwa mara sitini na moja. "Mkimpenda mchukueni. Lakini akae benchi mwaka mzima, ajifunze, na ninyi mjenge ukuta. Mkimwingiza Septemba nyuma ya hawa mlio nao, mtamvunja, halafu mtasema alikuwa laini."

"Mimi mwaka sina, Norb," Hollenbeck akajibu. Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alilijua. Mwenye klabu alikuwa amempa msimu huu mmoja tu. Mashabiki wanataka kumwona kijana uwanjani siku ya kwanza, na meneja asiyewapa wanachotaka hafiki Krismasi.

"Wewe huna mwaka," Norb akasema. "Kijana ana bega."

Kikao kikavunjika. Mmoja wetu, nisimtaje, alisema kwenye korido kwamba mzee amechoka na aende akavue samaki. Mimi nilikuwepo na sikumjibu. Kusema kweli nilikuwa na hasira na Norb. Kama Vantassel angekuja kung'aa kwingine, Norb angeondoka hapa akikumbukwa kama mzee aliyeogopa, na mimi ndiye ningeandika huu wasifu. Niliona ametuharibia sherehe. Lakini usingizi ulianza kunipungua, na juzi Jumapili nilirudi ofisini nikazitazama mechi zote za Vantassel tena, nikihesabu mara ngapi anainuka kutoka chini. Mechi ishirini na sita: mara tisa. Kati ya hizo mbili aliteleza mwenyewe.

Nilifuta saba nukta tatu yangu. Nikaandika neno la Norb mahali pake, nikaona aibu kwamba ilinichukua majuma mawili kuandika herufi tano.

Nilidhani wasifu ungeishia hapo, kwa shukrani na baraka. Lakini kila karatasi inayotoka na nembo ya klabu lazima isainiwe na meneja mkuu, na leo saa nane mchana Hollenbeck aliingia chumbani kwangu kuisaini. Alisoma akiwa amesimama. Nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, nikijua amefika wapi kwa namna alivyokuwa akikuna shingo.

"Hapa umeniandika kama mwoga," akasema.

"Nibadilishe, bosi?"

"Usiguse." Akarudi kurasa nyuma. "Hii simu ya Brandvold. Ni kweli?"

"Nilikuwa garini."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Akaketi juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu. Simu yangu ililia, hatukuishika. Ililia tena.

"Karatasi hii inagawiwa lini?"

"Ijumaa saa sita. Baada ya uteuzi."

"Umebakiwa na nafasi?"

"Mistari michache."

"Basi andika. Vantassel akiwa bado yupo zamu yetu ikifika, tutamchukua. Na hatakanyaga uwanja msimu huu. Hata tukifungwa mechi zote kumi na saba. Hata mashabiki wakinichoma sanamu. Hata nikifukuzwa, na atakayekuja baada yangu aikute hii. Weka na jina langu lote, Dale Raymond Hollenbeck. Nikisema kwa mdomo, Oktoba nitaruka maneno yangu, najijua. Yakishachapwa nitashindwa."

Nikamuuliza kama nimwambie Norb leo, maana alikuwa chumba cha pili, nasikia kiti chake kikilia kupitia ukutani.

"Hapana. Asome pamoja na watu."

Akasaini, akatoka. Ndivyo ilivyo, na ndivyo ilivyochapwa.

Basi Norb, sasa umesoma. Klabu tatu ziko mbele yetu na sijui ni nani atakayempata kijana yule. Huenda sasa hivi ana kofia ya timu nyingine kichwani na sisi tunalia kwenye saladi. Lakini akiwa wetu, leo ana mwaka mzima mkononi, ameupata kwako, na hajui hata jina lako. Unaondoka bila alama kwenye kadi yako, na sisi wenzako tuliokucheka tunasimama. Raundi za uteuzi zilizobaki tutazimaliza wenyewe, usije ukachungulia dirishani.

Asante kwa kila swali tulilokuwa hatulitaki. Uwe na afya, wewe na Marcy, na siku zako zote zilizo mbele ziwe njema.

Ronelle Crewe
Idara ya Kusaka Vipaji, Toledo Glaziers