Kitanda Changu Apewe Mama Yenu Mdogo

Zimeni hiyo redio, wanangu, msogee karibu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na sina nia ya kurudia. Wewe mwanangu wa kwanza, toka kwenye kiti hicho cha kushonea, kitakuumiza mgongo na hilo tumbo; njoo ukae hapa kitandani. Na wewe mdogo wake acha kulia, utanisahaulisha, nimeyapanga maneno haya tangu asubuhi.

Vitu kwanza. Cherehani ni ya dada yako, pamoja na meza ya kukatia na mikasi yote, na asiguse mtu mikasi ile kwa kukatia karatasi. Wewe kijana chukua baiskeli ya marehemu baba yenu, ambayo umeshaichukua zamani bila kuniuliza. Chumba cha mbele kibaki cha kazi, msikipangishe.

Sasa chumba hiki na kitanda hiki. Mama yenu mdogo, ndugu yangu wa tumbo moja, hajalala chini ya paa hili miaka mingi, na ninyi mnadhani tuligombana. Hatukugombana. Nilimwonea wivu, na hata sasa ninavyosema namwonea wivu, mbichi kabisa.

Nilipokuwa na mimba yako, binti yangu, kitu kilinizima. Si kwamba sikukutaka, asikudanganye mtu. Niliamka nimechoka, chakula hakikuwa na ladha, na ulipozaliwa nikageukia ukuta huu huu nikakaa nao. Watu walisema nadeka. Ndugu yangu peke yake ndiye aliyeshtuka, kwa sababu ya gauni la mteja: mikono yake yote miwili niliikata ya upande wa kushoto nikaishona hivyo hivyo, mimi niliyezoea kukata kitambaa huku napiga soga. Hakunicheka. Aliifumua, akahamia hapa, akawa anakubeba kifuani na kutembea nawe ukumbini akikuimbia, tena anaimba vibaya, hana sauti kabisa yule, hilo mlikumbuke. Na mimi akanishika mkono akanipeleka kwa daktari, mpaka nikapata nafuu.

Siku niliyonyanyuka kukuchukua, ulimng'ang'ania shingoni ukapiga kelele, ukamwita yeye mama. Alicheka kwa aibu, lakini nilimwona usoni kwamba amefurahi. Basi nikamshukuru, nikamfungia mabegi kwa mikono yangu mwenyewe, na niliyafunga barabara.

Juzi juzi tumekwenda kliniki, wewe na presha yako iliyokuanza ungali msichana, na huo moyo unaokwenda mbio mtu akigonga mlango tu. Daktari akauliza mama alikuwaje wakati wa mimba yako. Nikajibu mwenyewe, sonona, ule ugonjwa wa huzuni ulionizima. Akaeleza taratibu kwamba sonona ya mama isipotibiwa, kabla ya kuzaa na baada yake, inaweza kugusa ubongo wa mtoto unapojijenga, namna anavyoshtuka na anavyotulia, na ukubwani pengine hata presha na moyo. Si kila mtoto, wala si laana, na mama hana kosa kama mgonjwa wa malaria asivyo na kosa. Hapo nikapumua. Kisha akauliza ni nani aliyekuwa anakubeba, ukasema mama mdogo, naye akasema huyo alikusaidia sana. Wanangu! Nimekaa pale, mkoba mapajani, nimemzaa mtu na kumsomesha kwa sindano, halafu anasifiwa mwanamke ambaye hata hakuwepo! Nilitamani kumrushia yule daktari mashine yake ya kupimia.

Lakini jana nilikuomba kishati unachomshonea huyo mtoto wa tumboni. Nilikipapasa kwa vidole, maana macho yamekwisha. Mikono yote miwili ni ya kushoto. Ukaniambia ni uchovu tu. Mwanangu, jibu hilo nililitoa mimi kabla yako. Huli, hulali, unatabasamu mtu akiingia na akitoka unazima. Ninaujua ukuta unaoutazama.

Kwa hiyo shikeni haya. Kesho, niwe hai au nisiwe hai, mdogo wako akupeleke kliniki, na umweleze daktari yote bila kupunguza. Na wewe kijana, leo hii, kabla hujaanza kulia tena, mpigie simu mama yenu mdogo. Mwambie aje na mabegi. Kitanda hiki ni chake, na chumba hiki, mpaka achoke mwenyewe. Mtu yeyote asimfungie mabegi tena. Tandikeni shuka safi, asilalie jasho langu.

Maji... kidogo tu. Basi.

Nilitaka kuwa bibi mimi. Nilitaka mtoto huyo azoee harufu yangu, anililie mimi. Inaniuma, wanangu, kuliko kifua hiki. Lakini akilia... mpeni yeye ambebe. Atembee naye ukumbini. Aimbe... hata vibaya. Na siku mtoto akimwita bibi, msimsahihishe.

Mungu awatunze. Awape mioyo iliyotulia, ninyi, na huyo anayekuja... Binti yangu, sogea. Chukua mkono wangu, uuweke hapo tumboni. Hapo hapo. Nimsikie akicheza... niwe wa kwanza... kabla yule hajafika.