Aliyetufundisha Kuitazama Kura Baada ya Kuipiga

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya uchaguzi ya chama chetu cha wauguzi, mratibu wetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wengi mnamfahamu kama Mama Hakiki, jina alilobandikwa wodini kwa utani naye akalipokea bila kununa.

Alianza kama karani, enzi za masanduku ya mbao na karatasi zilizokunjwa mara nne. Alihesabu kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumsemesha kabla hajamaliza bunda. Tulipohamia kura za mtandaoni miaka tisa iliyopita, wengine tulidhani kazi yake imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Hapa inafaa kueleza kidogo. Ukishapiga kura kwa simu yako, mfumo hukuonyesha mchoro wa miraba midogo. Ndani ya nusu saa unaweza kuusoma mchoro huo kwa simu nyingine, nayo ikakuonyesha jina lililosajiliwa. Lazima iwe simu nyingine, kwa sababu iliyokosea mwanzo inaweza kurudia kosa lile lile. Katika uchaguzi wa kwanza tulipiga kura watu zaidi ya elfu mbili. Waliohakiki walikuwa kumi na mmoja. Baadhi yao waliazima simu ya jirani, jirani akaiona kura, na siri ikafika kantini kabla yao. Mama Hakiki akatafuta simu ya ofisi, akaifunga kwa kamba kwenye meza ya stoo ya mashuka, akatundika pazia. Kisha akawa anapita wodi hadi wodi: “Umepiga? Vizuri. Sasa nenda katazame ulichopiga.”

Uchaguzi uliofuata, dada mkuu wa wodi ya wazazi alitoka nyuma ya pazia amekunja uso. Alimchagua mgombea wa tatu, akaonyeshwa wa nne. Fundi wa mfumo akamwambia kwa heshima kwamba huenda amebonyeza vibaya.

“Mwanangu, miaka thelathini nachoma sindano sijakosa mshipa, leo nikose kitufe?”

Watu walicheka. Mama Hakiki hakucheka. Aliijaribu simu ya dada mkuu kwa kura ya mazoezi, ikatoa kosa lile lile. Dada mkuu alikuwa amekuza herufi ili asome bila miwani. Herufi zikikuzwa, majina yaliteremka lakini vitufe vilibaki palepale, hivyo kura ya wa tatu ikamwendea wa nne.

Wa nne alikuwa mwenyekiti aliyekuwa madarakani. Matokeo yalitakiwa saa kumi jioni. Mwenyekiti alimwita Mama Hakiki, akamkumbusha kwamba mkataba wake unakaribia kwisha, na kwamba aliyelalamika ni mtu mmoja tu.

“Huyo mmoja amejua kwa sababu ametazama, mheshimiwa. Wasiotazama tutawajuaje?”

Akakataa kutia sahihi matokeo. Wiki mbili alikaa nyumbani akisubiri barua ya kuachishwa kazi. Iliyokuja ilitoka kwa kamati kuu, ikimtaka arudi kuendesha uchaguzi upya: fundi alikuwa amekuta simu mia moja na arobaini zenye herufi kubwa. Katika marudio, mwenyekiti alishindwa kwa kura kumi na tisa. Tangu hapo foleni ya stoo ya mashuka ikawa inarefuka kila uchaguzi.

Mwezi uliopita aliendesha uchaguzi wake wa mwisho. Kwa mara ya kwanza waliohakiki walikuwa wengi kuliko wasiohakiki. Mwenyekiti yule wa zamani aligombea tena, akashindwa tena, safari hii kwa kura tatu tu. Kura tatu ni za kugombaniwa, nasi sote tulilijua hilo.

Mwenyekiti huyo wa zamani akasimama. “Yangu niliitazama, ipo,” akasema. “Wenzangu wamezitazama zao, zipo. Basi nimeshindwa.” Akaenda kumpa mkono Mama Hakiki, kisha ndipo akamfuata mshindi.

Dada yetu, asante kwa ukaidi wako na kwa uvumilivu wako kwetu. Tunakutakia ustaafu wa afya njema, usingizi mzito wa mchana, na wajukuu wanaokubali kushindwa karata bila kudai mchezo urudiwe.