Fundi Miwani na Mwezi Wake

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la mkate, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe. Mama yake alisema alizaliwa amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Alisoma shule iliyo nyuma ya stesheni ya treni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969. Hesabu zilimpiga chenga, lakini somo la mwanga lilimkaa kichwani.

Mwaka 1971 aliajiriwa kusaga lenzi, na mwaka 1980 akafungua karakana yake ghorofa ya kwanza, mkabala na chumba cha mpima macho. Mama huyo alipima, marehemu alitengeneza, mteja alivuka korido tu. Alipenda utani, ila miwani ikikaa upande hata kidogo aliirudisha mezani, mteja anune asinune.

Sukari ilimwanza mwaka 2016 na polepole ikamnyang'anya macho. Siku zake za mwisho hospitalini alikuwa akimuuliza dada yake, "Mwezi amekuja?" Dada alidhani ugonjwa umevuruga hata lugha. Alifungua pazia, akatazama nje, akamjibu, "Bado, kaka. Ni mchana." Naye akasema, "Basi nasubiri." Alifariki tarehe 2 Juni 2023, saa nane mchana.

Aya ya ndoa imekuja mwisho kwa sababu ilitutoa jasho. Marehemu hakufunga ndoa. Yeye na mpima macho waliishi kwenye milango inayotazamana, kila mmoja na ufunguo wake, na sisi ndugu tulimwita jirani. Hata wodini, walikoruhusiwa ndugu tu, alibaki kwenye benchi la nje. Katika kikao cha jana dada aliuliza tumwandikeje. Mwenyewe akajibu kwa upole, "Niandikeni jirani. Nimeshazoea."

Baadaye dada akasimulia yale maneno ya mwisho. Jirani akaweka kikombe chini.

"Mwezi ni mimi," alisema.

Akatueleza kwamba jioni moja, miaka mingi iliyopita, walikuwa wakianua nguo juu ya paa. Marehemu akamwonyesha nyota moja, jirani wa jua letu, akamweleza alichosikia redioni: kwamba huenda nyota ile ina mwenzi, hafifu, anayefichwa na mng'ao wake. Hakuna aliyemwona, ila nyota yenyewe huyumba kidogo, kana kwamba kuna anayeivuta mkono. Kwa kuwa marehemu alikuwa amebana vibanio vya nguo mdomoni, mpima macho alisikia "ina mwezi", akautafuta huo mwezi mpaka shingo ikamuuma. Marehemu alicheka hadi vibanio vikamtoka. Tangu hapo, wakiwa wawili tu, akamwita Mwezi.

Dada alilia sana. Alipotulia alimwambia mpwa aliyeshika kalamu, ndiye anayewasomea sasa, "Futa jirani." Wataalamu, tunasikia, bado hawana uhakika na nyota yao. Sisi tumeshaupata.

Marehemu ameacha mwenzi wake, ambaye leo amekaa kiti cha mbele kabisa, dada mmoja, wapwa wanne, na macho mengi mtaani yanayoona vizuri kwa sababu yake.

Dada ameomba neno la mwisho liwe lake: Kaka, Mwezi amekuja. Sasa pumzika kwa amani.