Bibi Mizigo na Treni Inayorudi Tupu

Tarehe 30 Juni, mtunza stoo wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ni wachache wanaomwita mtunza stoo. Kwetu ni Bibi Mizigo, na jina hilo alilipata kwenye meza ya treni ndogo iliyo katika chumba cha jiografia.

Alianza kwa kugawa chaki, mafagio na balbu, na hakuna aliyepewa balbu mpya bila kurudisha iliyoungua. Kisha mzazi mmoja akaizawadia shule treni ya mfano, yenye injini ya umeme na mabehewa ya wazi yaliyojaa makaa ya mawe ya plastiki. Makaa hayo yalikuwa yamegandishwa kwa gundi. Treni ilitoka mgodini, upande mmoja wa meza, imejaa, ikafika bandarini, upande wa pili, imejaa, ikarudi mgodini imejaa vilevile. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza akauliza, "Sasa hii inafanya kazi gani, au inayatembeza tu makaa yapunge upepo?" Darasa zima likacheka. Bibi, aliyekuwa amekuja kubadilisha balbu, hakucheka. Aliomba behewa moja, akaenda nalo stoo.

Alilirudisha likiwa na mzigo wa kutoa na kurudisha, na njia yake ndiyo tunayoifuata hadi leo. Tunatandika nailoni nyembamba ndani ya behewa, tunakata sponji ikae bila kubana, tunaweka juu yake washa ndogo ya chuma, ile pete bapa ya kukazia boliti, kisha tunapaka gundi na kunyunyiza mkaa uliopondwa na kuchekechwa. Ukikauka, mzigo unainuka mzimamzima kwa sumaku iliyofungwa kwenye kijiti. Aliyesahau nailoni, mzigo ukagandia behewani, aliambiwa, "Hongera mwanangu, leo umeuza mzigo pamoja na behewa."

Kaka na dada zetu waliotutangulia walishona vigunia vidogo kama ncha ya kidole, wakavijaza mchele wa kweli. Asubuhi vilikutwa vimetobolewa, havina kitu. Bibi akatangaza kuwa panya wameshusha shehena yote bila kulipa ushuru. Tangu hapo tunajaza mchanga.

Habari za kustaafu kwake zilipotoka, mwalimu mkuu alitaka kumuenzi. Alipendekeza treni iwekwe kwenye kabati la kioo la vikombe vya ushindi lililo karibu na ofisi, kila kitu kigandishwe kisipotee. Nia ilikuwa njema, ila sisi tulinywea. Bibi alisema tu kwamba treni ni mali ya shule, akaendelea na kazi. Tulimwona akichekecha mkaa uleule mara mbili.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu alikuja kupima meza kwa ajili ya fundi wa kulipanua kabati. Treni ilikuwa imesimama bandarini. Bibi alimpa kijiti cha sumaku, akamwomba amshushie mzigo kwa kuwa macho yake yamechoka. Mwalimu mkuu akashusha behewa la kwanza. Akashusha la pili. Akairudisha treni mgodini ikiwa tupu, akaipakia, akaileta tena. Karani alipokuja kumwita alijibiwa, "Subiri kidogo mama, meli inaningoja." Futi kamba aliisahau mezani.

Ijumaa alitangaza mstarini kwamba kabati litabaki la vikombe, treni itabaki mezani, na sisi wa kidato cha pili tutasimamia mizigo. Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu. Alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

Asante, Bibi yetu, kwa kutuvumilia sisi na gundi zetu. Pumzika, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Tunakuombea miaka mingi ya afya na furaha. Na ukipata nafasi, tupitie Jumatatu: tunaanza mzigo wa magogo, na hakuna kati yetu anayejua kuufunga kamba.