Venko na Kiti Kisichokaliwa

Benchi letu liko mbele ya kituo cha mabasi cha Kamenovets, kituo kisicho na basi. Mabasi yaliondolewa kwa tangazo lenye muhuri lililosema ni “kuboresha usafiri”. Benchi likabaki kwa kuwa hakuna ofisi iliyokumbuka kwamba ni mali yake. Kando ipo mashine ya kahawa. Ukiitumbukizia sarafu inanguruma, inafikiri, kisha inakutemea kikombe kidogo cha kitu cheusi ambacho tunakiita kahawa kwa uzalendo tu. Ukiniacha mimi, wenye benchi ni watatu (na “bai” kwetu ni kaka mkubwa, kwa heshima): Bai Metodi, tunayemwita Kanali kwa kuwa alipika maharage jeshini mpaka akastaafu, Bai Zapryan, au Wizara, aliyefungua na kufunga mlango wa wizara moja kule Sofia, mji mkuu wetu, na tangu hapo husema “sisi serikalini”, na shangazi Tsonka, muuza mbegu za alizeti, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Jumanne moja kesi ya benchi ilikuwa ya Venko, dereva wa basi la mwisho. Alipopokonywa basi alinunua kamera, akatangaza kwamba sasa ni mpiga picha, akaomba chumba cha tiketi kiwe studio yake. Halmashauri ikamjibu kwamba haina kipingamizi, ilimradi “uhitaji wa umma uthibitike kwa macho”. Ofisa angepita saa sita mchana. Asipokuta mteja hata mmoja mbele ya kamera, chumba kinakwenda kwa mwenye mashine za kamari, na Venko anakwenda Ujerumani kufungasha soseji kwa shemeji yake. Tangu asubuhi alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya kiti kitupu.

— Mtazameni, alianza Kanali. Kiti kitupu, yeye amesimama. Mwenye akili angalau angekaa.

— Anangoja wateja, nikasema.

— Wateja! Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maana yake, koleo likivunjika, mhunzi anunue koleo. Nionyeshe waliposema anunue kamera!

— Amepata mwelekeo mpya wa maisha, alisema Wizara, akiutamka kama ugonjwa wa ngozi. Aliniambia mwenyewe. Nikamwambia, mdogo wangu, kwa umri wako mwelekeo umebaki mmoja tu, na huko watu wanafika bila kamera.

— Ila kwa kamera wanafika upesi! Redio akadakia, akitema ganda. Mwezi wa tano Venko alimpiga picha nani? Mama yake Penka. Yuko wapi sasa?

— Kaburini.

— Basi!

— Shangazi, yule alikuwa na miaka tisini na saba.

— Na alikuwa hajambo! Alikuwa anapalilia pilipili zake. Mtu kapalilia, kapigwa picha, kafa. Unataka ushahidi gani tena, mwanangu?

Msimcheke Redio peke yake. Kwetu mtu akifa, karatasi yenye sura yake hubandikwa mlangoni kwake, kwenye nguzo na hapo kituoni. Siku ya arobaini hubandikwa nyingine, nusu mwaka nyingine, mwaka nyingine, mpaka iishe gundi au waishe wajukuu. Kwa hiyo picha ya mtu peke yake, kachana nywele, katazama mbele, sote tunajua ni ya nini. Hakuna anayejipeleka. Tunapigwa picha harusini, tukiwa kundi, halafu siku ikifika tunakatwa kwa mkasi. Nusu ya marehemu wetu wako kwenye nguzo wakiwa na mkono wa mtu mwingine begani.

— Amekula njama na seremala wa majeneza, Redio aliendelea. Kila sura ina kamisheni.

— Seremala! Wizara akacheka kwa pua. Fikra za kijijini hizo. Agizo limetoka Brasels, kwa wakubwa wa Ulaya, sisi serikalini tulilinusa mapema. Wanahesabu makunyanzi. Mwenye makunyanzi machache anaambiwa bado una nguvu wewe, pensheni inapunguzwa.

Kanali akakunja uso papo hapo, kwa tahadhari.

— Si pensheni, alisema akiwa amekunja hivyo hivyo. Ni kura. Mwili unaondoka, sura inabaki. Sura ikibaki, inapiga kura. Ndiyo maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kamera ni nini kama si ufa?

— Kwani wafu wetu si wanapiga kura tangu zamani? nikauliza.

— Walikuwa wanapiga kienyeji, alisema Wizara, kwa uchungu wa mtu ambaye hakushirikishwa. Sasa inarasimishwa.

— Nawasikia! Venko alipaza sauti kutoka ng'ambo.

— Ndiyo maana tunasema kwa sauti, mwanangu!

— Bai Metodi, njoo ukae dakika moja tu. Bure. Ofisa anakaribia kufika.

— Mficha maradhi kifo humuumbua! Mimi maradhi sina, kwa hiyo sina cha kupigia picha.

— Shangazi Tsonka, je?

— Sijachana nywele tangu mume wangu aende Hispania. Nianze leo kwa ajili yako?

— Bai Zapryan, wewe ni mtu wa serikali. Wewe huogopi.

— Mtu wa serikali hajipeleki. Huitwa kwa maandishi.

Venko akanitazama mimi. Nikatazama kikombe changu. Kilikuwa kitupu, lakini kikombe kitupu nacho mtu akiamua anaweza kukitazama muda mrefu.

Hapo ndipo akaja Yordana, kitambaa cheusi kichwani, akitokea kwa mchapaji. Ni mjane wa Spas, ambaye kwa miaka alikaa nasi benchini hapo, mpaka mwezi uliopita moyo wake ulipogoma. Tulisimama nusu, tukashusha sauti, tukampa pole.

— Arobaini ya Spas ni Jumamosi, alisema. Mchapaji anataka picha. Kwenye mazishi tulibandika karatasi yenye msalaba mtupu, kama kibao cha duka la dawa. Sirudii tena. Nani kati yenu ana picha yake?

— Kitambulisho, je? aliuliza Wizara.

— Serikali ilikichukua alipokufa. Wanasema ni mali yao.

— Ndiyo utaratibu, alisema Wizara, na kwa mara ya kwanza utaratibu haukumnenepesha.

— Harusi ya Ginka? aliuliza Redio.

— Ameinama anakata mwanakondoo, umeonekana mgongo tu. Niubandike mgongo mlangoni? Ninyi mmeshinda naye hapa kila siku, na simu mnazo.

Kanali akaitoa yake, akaipekua. Palikuwa na nyanya zake, nguruwe wa jirani, na mguu wake uliovimba, alioupiga picha amwonyeshe daktari. Akairudisha mfukoni.

— Venko! Yordana akaita ng'ambo. Na wewe huna?

— Sina, shangazi. Alikaa kwenye kiti hiki mwezi wa tatu. Bado nilikuwa natafuta mwanga, akainuka.

— Najua. Alinyoa ndevu siku ile. Akavaa tai, nikamwambia umependeza, mzee. Akarudi tai iko mfukoni. Nilipomuuliza kulikoni, akasema wenzake wa benchi wamemuuliza jeneza atalipenda la rangi gani.

Redio akatafuta mbegu kwenye kifuko ambacho kilikuwa kimejaa, asiipate hata moja.

— Ule ulikuwa utani, shemeji, alisema Kanali. Wahenga walisema…

Tulingoja. Kumbe wahenga hawakusema kitu.

— Picha ni karatasi tu, Wizara akaokoa jahazi. Sisi tulimjua Spas. Sisi tunaweza kukuchorea Spas kwa maneno, mwili na roho.

— Haya, nichoreeni. Macho yake yalikuwa ya rangi gani?

— Kahawia, alisema Redio.

— Kijani, alisema Kanali. Kijani kwa mbali. Jua likipiga.

— Alikuwa anavaa kofia, alisema Wizara.

Nami nikajaribu. Nikaiona kofia, nikaviona vidole vinene vilivyokishika kikombe, nikaiona pua. Kati ya kofia na pua hapakuwa na kitu.

Yordana alitungoja kwa adabu, jinsi mtu anavyomngoja mlevi amalize kutafuta ufunguo. Kisha akavuka barabara, akakaa kwenye kiti, akakaza kitambaa chake.

— Nipige, Venko. Mimi nisije nikabandikwa msalaba.

Gari la halmashauri likapinda kona. Ofisa akashuka na jalada kwapani, akasimama kuuthibitisha uhitaji wa umma kwa macho.

— Tazama hapa, shangazi, kwenye kioo cha kamera, alisema Venko.

Hakutazama kioo. Alitutazama sisi, mmoja mmoja, bila haraka, kuanzia Kanali mpaka mimi. Venko akainua kichwa, akaona anakotazama, asimsahihishe. Akabonyeza.