Yesaya Kibona na Picha za Kuchoma Mashamba, Ibaba

Ndugu waombolezaji, marehemu Yesaya Kibona alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 kijijini Ibaba, wilaya ya Ileje, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Anyelwisye Kibona, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne mwaka 1958, kisha akashika shoka na jembe pamoja na baba yake.

Kilimo cha wakati ule vijana wengi hamkukiona, matawi ya miti yalikatwa mwezi wa Juni, yakarundikwa shambani yakauke, na Oktoba, mvua ikinukia, yakachomwa, mahindi yakapandwa kwenye majivu na kustawi bila mbolea ya dukani. Kaka yake Lwitiko, fundi picha wa Tunduma, aliipiga picha kazi hiyo mwaka 1969, na marehemu alizitunza picha hizo hata baada ya kuacha kuchoma mwaka 1987, milima ilipoanza kubaki wazi, akageukia kahawa.

Alifunga ndoa na mama yetu, Tukuswiga, tarehe 11 Julai 1970, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza Ipyana, wanne wako hai.

Mwaka 2021 presha ya macho ilimpofusha, picha hazikuwa na majina, na wenzake wa shambani karibu wote walikwisha kutangulia, hivyo hofu yake ikawa moja, kwamba akiondoka hakuna atakayewajua watu wale. Mama alikaa naye barazani akimweleza picha moja moja, naye akawatambua kwa kazi zao, akiambiwa huyu kashika shoka kwa mkono wa kushoto alisema ni Ketrina, huyu kapanda juu kabisa ya mti bila kamba alisema ni Enoka, na Mama akaandika nyuma. Ilibaki ya msichana aliyewekwa mpakani kuuzuia moto, ana tawi bichi mkononi, kageuza mgongo, anakimbia. Mama alisema hamjui. Marehemu alicheka hadi akakohoa, akasema, "Mama Ipyana, huyo ni wewe, mbio zile nani angezisahau?" Mama alikana wiki nzima.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Agosti 2024, akafariki nyumbani Jumapili tarehe 3 Novemba, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na wakulima wenzake wa kahawa. Mama ameomba tusome pia kwamba ni kweli alikimbia, na kwamba moto ule aliuzima Yesaya, peke yake, wala hakumsema kwa mtu.

Pumzika kwa amani ya Bwana, baba, picha zote zina majina.